Pima mzizi kwanza: jinsi ya kujua kama mazoea ya saluni yamebadilisha mikunjo ya nywele zako

Swali la kama mazoea ya saluni yanaweza kubadilisha mikunjo ya nywele huingia saluni kwangu kwa sura mbili. Mmoja anakuja akitabasamu: "Anti, siku hizi nywele zangu zimelainika, naona zimeshazoea pasi." Mwingine anakuja na kilemba, hakivui mpaka mlango ufungwe, maana nywele zake zilizokuwa zikijikunja vizuri sasa zimelala kama katani, na hata zikiloweshwa hazirudi. Wa kwanza anadhani amepata, wa pili anadhani amepoteza. Wote nawaketisha kiti kimoja na kuwafanyia kitu kimoja: naziacha ncha, natazama mzizi.

Mimi ni msusi, saluni yangu iko Ngamiani, Tanga. Nitaeleza namna ninavyopima, ili uweze kufanya mwenyewe nyumbani kabla hujatoa hela ya tritimenti au hujamwita kinyozi. Jibu lenyewe nalitoa mapema usije ukasema nimekuzungusha. Mazoea ya kutengeneza nywele yanaweza kuubadilisha kabisa unywele uliokwisha kuota. Unywele utakaoota kesho hayauwezi. Zoea linalofika zaidi mpaka kwenye ngozi ni kuvuta. Hilo likizidi hukuachia kipara, mkunjo mpya huupati.

Osha kwanza

Wengi wanaoniambia nywele zao zimebadilika, kilichobadilika ni vitu vilivyogandia juu yake. Mafuta ya nyonyo ya wiki nzima, jeli ya kulazia nywele za mbele, halafu juu ya yote hayo maji ya kisima. Huku pwani visima vingi vina chumvi. Madini yake hushika kwenye unywele, nao hukakamaa na kuwa mzito hata ukashindwa kujikunja sawasawa. Mwenyewe anadhani kipilipili chake kimefumuka.

Kwa hiyo siku ya kupima, osha mara mbili kwa shampuu ya kawaida inayotoa povu, vidole vifike kwenye ngozi. Suuza mwisho kwa maji ya mvua uliyokinga, au ya bomba kama ya mtaani kwenu hayana chumvi. Kama umeoshea maji ya kisima kwa miezi mingi, changanya kijiko kimoja cha siki kwenye kikombe kikubwa cha maji, jimwagie, subiri dakika mbili, suuza. Kukamulia limau moja kwa moja kichwani sikushauri. Ngozi iliyokwaruzwa na kitana itakufanya ulie. Baada ya hapo usipake kitu: si kondishena, si mafuta. Usichane wala usifunge kitambaa. Ziache zikauke zenyewe. Najua zitakuwa ngumu na utajiona kituko, lakini ni saa chache tu, na hakuna aliyekwambia utoke nje.

Kwa nini lazima maji? Unywele umetengenezwa kwa protini iitwayo keratini, na ndani yake mna vifungo vya aina mbili vinavyotuhusu sisi wasusi. Vya kwanza ni dhaifu, vya haidrojeni. Vinaachia kwa maji au kwa joto, halafu vinajifunga upya unywele unapokauka au kupoa, kwa umbo lolote utakaloukuta nalo. Rola, draya, mabutu ya usiku, nywele za uzi, vyote hufanya kazi hapo. Ukilala na uzi, asubuhi unafumua nywele ndefu zilizonyooka bila moto wowote. Ukinyeshewa saa nane mchana, umerudi ulikotoka. Hata unyevu wa hewani unatosha: mteja wangu akienda na nywele za pasi Dodoma wakati wa kiangazi zinakaa zimenyooka siku nyingi, akirudi Tanga siku ya pili zimeshaanza kupanda. Mabadiliko yanayofutwa na maji hayakuwahi kuwa mabadiliko ya unywele.

Vifungo vya aina ya pili ni vya salfa. Hivyo vina nguvu, ndivyo vinavyoshikilia umbo la unywele, na maji hayaviwezi. Vikivunjwa, unywele huo ndio basi.

Kata nywele nne

Sasa chukua mkasi mdogo na ukate unywele mmoja utosini, mmoja kisogoni, mmoja juu ya sikio na mmoja mbele karibu na paji. Kata usawa wa ngozi, usiung'oe. Kila mmoja ubandike kipande kidogo cha selotepu upande wa mzizi, vinginevyo baada ya dakika moja hutajua kichwa wala mkia. Viweke kwenye sahani nyeupe yenye maji safi na usubiri kama dakika kumi.

Nasema nne kwa sababu kichwa kimoja hakina nywele za namna moja. Ninao wateja ambao kisogoni ni kipilipili cha kufunga kabisa na utosini ni mawimbi, na wamezaliwa hivyo. Mtu wa namna hii akitazama utosi tu anaweza kulia bure.

Baada ya kutazama umbo, toa unywele kwenye maji, uunyooshe taratibu kwenye rula. Nywele za kichwani huota kwa wastani wa sentimita 1 kwa mwezi, na zetu za kipilipili mara nyingi pungufu kidogo. Maana yake sentimita 5 au 6 za kwanza kutoka mzizini ni kazi ya nusu mwaka hivi. Pima ukiwa umeunyoosha, kwa sababu kipilipili hujificha. Unywele wa sentimita 12 unaweza kuonekana wa 4 tu ukiwa umejikunja. Hapo ndipo wengi wanaposema nywele zao "hazikui".

Utaona moja kati ya mambo matatu.

Unywele wote umejikunja sawa, toka mzizi hadi ncha. Hujabadilika chochote. Ulikuwa umenyooshwa kwa muda, au ulikuwa mchafu. Endelea na maisha.

Upande wa selotepu umejikunja, upande wa ncha umenyooka au umekaa ovyo, nusu wimbi nusu kijiti. Huu umeungua kwa moto au umepita kwenye dawa. Mzizi wako ni mzima.

Tatu, upande wa mzizi wenyewe umetoka tofauti na ulivyozoea, na hukuwa na dawa wala pasi kipindi hicho. Hapo kitana na pasi havina kesi. Tutaongea juu ya mwili.

Kwa nini mzizi haujifunzi

Unywele unaouona ni kitu kilichokufa. Ndiyo maana tunaukata bila ganzi. Ulio hai uko chini ya ngozi, kwenye kinyweleo, na umbo la kinyweleo ndilo linaloamua: kilichosimama wima hutoa nywele za singa, kilichopinda hutoa zinazojikunja, na ukiukata unywele wa kipilipili katikati na kuutazama kwa hadubini utaona umebapa badala ya kuwa mviringo. Mpindo huo umeurithi kwa baba na mama. Pasi inapita juu ya ngozi; haina habari na kilicho chini yake.

Ushahidi mnao mitaani kwenu. Katika shule nyingi za Tanzania na Kenya wasichana hunyolewa tangu darasa la kwanza mpaka wanapomaliza kidato cha nne. Miaka yote hiyo mashine inapita kichwani. Wakimaliza wanaziachia, na zinaota zilezile walizozaliwa nazo. Kama mazoea yangekuwa yanafundisha kinyweleo, nchi nzima ingekuwa na nywele za ajabu.

Jambo hilohilo nawaambia bibi zetu wanaosema mtoto akinyolewa akika siku ya saba nywele zitaota nyingi na nzuri. Kunyoa ni ibada, mnyoeni, hakuna ubaya. Lakini nywele za mtoto mchanga hubadilika zenyewe kadiri vinyweleo vinavyokomaa. Mtoto aliyezaliwa na nywele za singa anafikisha mwaka au miwili ana kipilipili, na lawama anabebeshwa aliyemnyoa.

Mwaka 1906 Mjerumani mmoja, Karl Nessler, alionyesha London mashine ya kutia mawimbi kwenye nywele za singa kwa dawa na joto kali, na mawimbi hayo yaliitwa ya kudumu. Yalidumu kwenye unywele ule ule uliochomwa. Chini yake iliendelea kuota singa, na mteja akarudi kulipa tena. Biashara yetu ya kunyoosha iko vivyo hivyo, upande wa pili tu. Kinyweleo kingekuwa kinajifunza, hakuna ambaye angerudia dawa.

Pasi "iliyozoewa"

Yule anayetabasamu mara nyingi ndiye mwenye tatizo. Akiniambia kila Jumamosi anachoma na sasa nywele hazimsumbui, namwekea tone la maji. Zikibaki zimelala, hazijazoea. Zimeungua. Joto likizidi, keratini hupoteza umbo lake kama lilivyokuwa, na hakuna kinachoirudisha. Yai halirudishi: protini yake ni kubwa mno kuingia ndani ya unywele. Mayonezi hairudishi. Mvuke na kondishena nzuri vitazifanya ziteleze na zisikatike haraka, na kwa hilo ninavisifu, lakini mkunjo haurudi kwenye unywele ulioungua.

Kama hutaki kuacha pasi, na sitakugombeza, mambo haya matatu yashike.

Nywele ziwe kavu kabisa. Ukisikia pasi inalia "chaa" na moshi mzito unapanda, maji yaliyomo ndani ya unywele yanachemka, na yanaacha mapovu yanayoupasua. Unywele wenye maji huharibika kwa joto dogo kuliko mkavu, kwenye nyuzi 150 hivi, wakati mkavu unaweza kuhimili mpaka karibu 200. Kuna wasusi wanaopulizia maji halafu wanabana pasi ili ishike haraka. Mkatalie, hata kama ni rafiki yako.

Weka nyuzi 180 zisizidi, na kwa nywele nyembamba au za rangi, chini ya hapo. Pasi isiyo na namba usiiamini. Chanuo la moto la kwenye jiko la mkaa halina namba kabisa, kwa hiyo libane kwanza kwenye karatasi ya chooni. Ikigeuka rangi hata kidogo, lisubiri lipoe. Mama zetu walikuwa na kipimo hicho kabla ya pasi ya umeme, na hadi leo nakitumia hata kwa pasi yenye namba, maana namba nazo hudanganya.

Pitisha mara moja, mara mbili basi. Anayepita mara sita kwenye fungu moja hana mkono, ana hasira.

Na kama unachotaka ni urefu tu, suka uzi. Unanyoosha karibu kama draya, moto hakuna, na uzi unauzwa kila duka.

Dawa, na zile zisizojiita dawa

Dawa ya kunyoosha haihitaji kuzoewa. Siku moja inatosha. Inavunja vile vifungo vya salfa, na vikishavunjwa na dawa ya aina hii, vingine tofauti vinaundwa mahali pake ambavyo havirudi kama zamani. Unywele huo ni wa singa mpaka utakapoukata.

Shida yangu si wanaojua kwamba wameweka dawa. Ni wale wanaoapa hawajaweka, kumbe walipakwa "krimu ya kulainisha" sokoni, au "ya mimea", au ile yenye picha ya mtoto anayecheka. Geuza kopo usome. Ukiona haidroksidi, iwe ya sodiamu, ya kalisiamu au ya lithiamu, au ukiona guanidini, au thioglikoleti, hiyo ni dawa hata kama kopo lina picha ya mshubiri. Dawa iliyooshwa mapema ili "ilegeze tu" nayo ni dawa. Imevunja vifungo vichache badala ya vingi, na ukirudia baada ya miezi miwili juu ya nywele zilezile inamalizia kazi. Hapo ndipo mtu anasema mikunjo yake imelegea yenyewe pole pole.

Kuna na hawa wa kuzoesha kwa mikono: kila akiosha anazungusha vifungu kwa kidole, kwa matumaini kwamba baada ya mwaka vitajifunga bila kuguswa. Vinapendeza, navifanya mwenyewe. Nywele zinakaa pamoja kwa fungu na jeli inazishika hadi utakapoosha. Vijana wanaopiga brashi na kulala na kofia ili wapate mawimbi nao hivyo hivyo. Mwache aiweke brashi kabatini, kinyozi atakuonyesha yale mawimbi yalikoishia.

Mzizi ukitoka tofauti

Kinyweleo kinaweza kubadilika, lakini kinaamriwa kutoka ndani. Balehe hubadilisha. Ujauzito na miezi baada ya kujifungua hubadilisha kwa baadhi ya wanawake. Umri pia: mvi mara nyingi hutoka na ukakasi na mkunjo wake, tofauti na nywele nyeusi za jirani yake. Wanaotoka kwenye dripu za saratani Ocean Road, ile hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, nywele zao zikirudi zinaweza kuja na sura nyingine kabisa, laini au za kujikunja zaidi, na kwa wengi sura hiyo hupita. Zipo pia dawa za kumeza zenye athari hiyo, mojawapo ya kifafa iitwayo valproeti.

Kwa mtoto mdogo, usichelewe. Nywele zikianza kuwa nyepesi, za kunyooka, zenye wekundu wekundu, na miguu imevimba au amepoa hachezi, huo unaweza kuwa unyafuzi, yaani utapiamlo, na dawa yake iko kliniki. Mafuta hayatamsaidia.

Na kwa watu wazima kuna minong'ono ya mtaani, kwamba nywele zikilainika basi "ana ngoma", yaani UKIMWI. Ni kweli ugonjwa ukiachwa bila dawa unaweza kuzifanya nywele ziwe nyembamba na laini. Lakini upungufu wa damu na lishe mbovu navyo huzidhoofisha nywele, na kutazama kichwa cha mtu si kipimo. Mteja wa namna hii namwambia faraghani, kwa sauti ya chini, apite hospitali. Wanaocheka kwenye benchi nawanyamazisha.

Kuvuta

Nililiahidi. Msuko wa twende kilioni uliobanwa hadi nyusi zinapanda, rasta nzito zinazoning'inia hadi kiunoni, wivingi iliyoshonewa juu ya nywele za dawa, kifundo cha nyuma kila siku mahali palepale. Kinyweleo kinavutwa wiki baada ya wiki. Mwanzoni utaona vipele vidogo vyeupe mbele na kandokando ya masikio, halafu nywele za hapo zinakuwa fupi na laini za kitoto. Baadhi ya wateja huzifurahia wakidhani wamepata "nywele nzuri" za mbele. Hizo ni nywele za kinyweleo kinachokufa. Ukiacha kuvuta hapo hapo, kinaweza kupona. Ukiendelea mpaka ngozi ing'ae na vitundu visionekane, kovu limeshafunga na hakuna mafuta yatakayolifungua.

Kipimo changu ni rahisi. Kama umesukwa na usiku ukahitaji panadoli ili ulale, zifumue. Hela imekwenda, najua, zifumue tu. Mwambie msusi apunguze uzito, aanze fungu bila kuvuta nywele za mbele kabisa, na usikae nazo zaidi ya wiki sita mpaka nane. Msusi akikwambia "vumilia, zitalegea", tafuta mwingine. Na nywele za dawa zisibebeshwe rasta. Zilishapoteza nguvu siku ya dawa.

Kuzitoa zilizokufa

Kama sahani yako imeonyesha mzizi uliojikunja na ncha iliyonyooka, una njia mbili, zote za mkasi. Unaweza kukata zote leo. Au unaweza kusubiri huku ukipunguza kidogo kila miezi miwili au mitatu. Kwa kasi ya sentimita 1 kwa mwezi, anayetaka za kushika mkononi asubiri karibu mwaka. Katika kusubiri, pale nywele mpya zinapokutana na za zamani ndipo zinapokatika, kwa hiyo usizichane kavu hata siku moja. Zipake kondishena, tumia vidole kwanza, kisha chanuo la meno mapana kuanzia nchani. Mabutu makubwa au uzi usiobana ndio usafiri wako, kwa sababu huficha tofauti ya juu na chini bila pasi.

Siku ya kukata usikubali kukatwa nywele zikiwa kavu au zimenyooshwa, maana kinyozi hataona mpaka uko wapi. Ziloweshe mpaka zichuruzike, subiri zijivute. Zilizo hai zitapanda juu, zilizokufa zitabaki zinaning'inia zimenyooka. Kata kwenye kona hiyo, fungu kwa fungu, sentimita nusu juu yake, na kisogoni anza na ubavu mmoja kwanza, kwa sababu huko mpaka mara nyingi haulingani.